Pofu Alivyopanda Kichuguu cha Aibu

Anayepura mpunga amekosa nini hata afungwe mdomo?

Swali hili liliulizwa asubuhi, jua limeshatoka, uwanja umejaa. Lilisikika vizuri. Punda alilisikia. Nyati alilisikia. Njiwa waliokaa juu ya majani ya mpunga walilisikia. Hakuna aliyejibu. Mmoja alitazama kwato zake. Mwingine akajikuna palipokuwa hapawashi. Na aliyeuliza akaadhibiwa, kama ilivyo desturi ya mahali ambapo swali ni kosa.

Nani aliuliza? Nitasema. Kwanza tuamkiane. Paukwa.

Pakawa.

Hapana, hapana. Hivyo ndivyo wanavyoitika waliofungwa midomo, na hadithi hii haiwataki. Watoto wa nyuma huko, na ninyi wazazi mnaojifanya mmewasindikiza watoto tu. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Sasa nawasikia.

Kale, kale ambayo hata bibi wa bibi yangu alisimuliwa tu, wanyama walilima mpunga wenyewe. Walilima katika Bonde la Kisembe, na bonde lilikuwa la Mzee Tembo, aliyekaa juu kilimani. Mashine hazikuwepo. Mpunga ukikatwa, masuke yalitandazwa uwanjani, na katikati ya uwanja ilisimama nguzo. Ng'ombe, Nyati na Punda walifungwa ubavu kwa ubavu, wakaizunguka nguzo ile wakikanyaga. Kanyaga, zunguka. Kanyaga, zunguka. Punje zikatoka kwenye masuke. Halafu wakaja wenye mbawa, Kanga na njiwa, wakapepeta. Pu-pu-pu-pu. Makapi yakaruka, mpunga ukabaki.

Sasa mliowahi kuona kazi hii mnajua. Aliye karibu na nguzo hatembei sana, ni kama anageuka alipo. Lakini aliye mwisho wa safu, nje kabisa, ndiye anayezunguka mzunguko mkubwa. Vumbi lote ni lake, jua lote ni lake. Nafasi ya nje ilikuwa ya Punda. Msimu huu Punda, msimu ujao Punda. Hakuna aliyempangia kwa maneno. Alizaliwa Punda, basi.

Msimamizi wa uwanja alikuwa Nyani. Nyani huyo hakuwahi kukanyaga hata suke moja. Alikaa mlangoni pa kibanda chake, mguu juu ya mguu, akimtazama kila anayepunguza mwendo. Kila asubuhi alitoka na vikapu vidogo vya ukindu mkononi.

"Punda, mdomo."

Punda ananyoosha mdomo. Kikapu kinaingia, kamba inafungwa nyuma ya masikio, kwii.

"Nyati, mdomo."

Nyati naye. Wenye midomo midogo, akina Kanga, walifungwa kwa uzi wa ukindu, raundi na raundi. "Mpunga wa Mzee Tembo hautembei ndani ya matumbo ya watu," Nyani alisema, na kila mara aliposema hivyo yeye mwenyewe alikuwa akitafuna.

Na majike walikuwa na amri yao peke yao. Anayeatamia si mfanyakazi. Ukionekana na yai, unachukua njia. Uende wapi, ule nini, yai ulibebe vipi, hayo si ya Nyani.

Asubuhi moja Nyani alipofika kwake na uzi, Kanga alirudi nyuma hatua, akauliza lile swali. Anayepura amekosa nini hata afungwe mdomo? Ndiyo, alikuwa Kanga. Jike dogo, shingo nyembamba, madoa mwili mzima, sauti ya kufika ng'ambo ya mto.

Nyani alinyoosha mkono kuelekea pembeni ya uwanja, na pembeni ya uwanja palikuwa na kichuguu kirefu. Kila mtu alikijua. Ukikosea, unapanda juu yake, unasimama, na wenzako wote wanakuzomea. Lazima wazomee. Asiyezomea anapanda yeye.

Kanga akapanda. Wakazomea. Huuu. Huuu. Na Punda, ambaye jioni zote alikunywa maji na Kanga kwenye dimbwi moja, alizomea kuliko wote. Kanga aliipata sauti yake katikati ya sauti zote, akaishika, akaiweka moyoni. Tangu siku hiyo hakumwambia mtu jambo lake. Akiulizwa umeamkaje, anasema salama. Akiulizwa mbona umekonda, anasema salama.

Basi. Mwaka ule mpunga ukawa haba. Waliofungwa midomo walijua pa kulipiza. Hapa suke limekanyagwa nusu, pale punje zimefukiwa matopeni kwa kwato, nani kaona? Tembo alipopelekewa mavuno, akakasirika, akamwondoa Nyani.

Mnadhani alimfukuza? Thubutu. Alimpandisha kilimani, akamwita mshauri. Mnacheka, lakini mnawajua washauri wa namna hiyo.

Msimu uliofuata akaletwa msimamizi mpya. Alikuwa Pofu jike. Nanyi mliokulia mjini, Pofu ni ndugu wa swala, lakini ni mkubwa kama fahali, na ngozi inamning'inia shingoni kama kitenge kilichofungwa vibaya. Akitembea, magoti yake yanalia, ka, ka, ka. Kwa hiyo alisikika kabla hajaonekana, na wafanyakazi wote wakajipanga mstari, midomo mbele.

Pofu akasimama. Akawatazama mmoja mmoja.

"Mbona midomo mbele? Mnataka kunibusu?"

Punda akaona lazima mtu aseme. "Tunangoja kufungwa, Mama."

"Mmefanya nini?"

"Hatujafanya kitu, Mama. Ni asubuhi tu."

Pofu akaenda kibandani, akatoa kikapu kimoja kikubwa, akakinusa. Kisha akakitia mdomo wake mwenyewe, akafunga kamba, akazunguka uwanja mzima nacho, ka, ka, ka. Aliporudi alikivua, akapumua sana kama mtu aliyetoka kwenye maji.

"Humu ndani mtu anapumua mate yake," akasema. "Vikapu hivi vitabeba makapi. Midomo ibaki ilivyoumbwa. Anayekanyaga akishikwa na njaa, ainame ale. Ale, asibebe. Na anayefukia punje matopeni nitamfuata alipo, tutazungumza mimi na yeye."

Akamwendea Punda kwenye nafasi ya nje.

"Kaka Punda, sogea ndani."

"Hapa ni pangu, Mama."

"Najua ni pako. Ndiyo maana nimekuja hapa."

Punda akasogea. Pofu akashika nafasi ya nje, na kazi ikaanza. Kanyaga, zunguka. Kanyaga, zunguka. Imbeni nami hapo. Kanyaga, zunguka. Vumbi likampanda Pofu mpaka kwenye kope.

Kanga alikuwa akipepeta, jicho moja kwenye mpunga, jicho moja kwa Pofu. Akamnong'oneza njiwa wa jirani, "Wakubwa wote huanza hivi. Ngoja kwato zimuume."

Kwato zikamuuma. Akachechemea. Hakuondoka.

"Ngoja watu wamzoee," Kanga akasema. "Atarudi kivulini."

Wakamzoea. Hakurudi kivulini. Kibanda cha Nyani kikageuka mahali pa kulaza wagonjwa.

Siku ya kwanza ya midomo wazi, Punda alikula mpaka tumbo likawa ndi, akalala chini miguu juu, anakoroma mchana. Wenzake walingoja aadhibiwe. Pofu alimpita, akasema, "Kaka, huo mpunga haukimbii. Kesho upo." Kesho yake Punda akala kidogo. Keshokutwa akala kidogo zaidi. Nani anajaza tumbo kwa hofu wakati chakula kiko mbele yake kila siku?

Lundo la mpunga likakua. Hakuna aliyefukia punje tena. Nyati, aliyekuwa bingwa wa kufukia, alijisemea mwenyewe mbele ya wenzake kwamba ameona haya tu, hana sababu nyingine.

Lakini Kanga hakushawishika. Aliona mtego tu, na mtego mzuri ndio wa kuogopa zaidi. Alikuwa ameona pia jambo lililomkera. Kila asubuhi, kabla ya kazi, Pofu alikwenda nyuma ya kibanda, akainamisha kichwa, akanung'unika peke yake. Siku moja Kanga akamnyatia asikie.

"Ee Mungu," Pofu alikuwa akisema, "Punda ana kidonda begani, nisaidie nisisahau kukitazama. Ng'ombe mama yake anaumwa. Na huyu Kanga, Bwana, huyu Kanga sijui ana nini. Nionyeshe, au unipe subira."

Kanga akarudi kazini amevimba. "Ananisengenya kwa Mungu," akamwambia njiwa.

"Amesema nini?"

"Kwamba nina kitu."

"Kwani huna?"

"Salama," Kanga akasema.

Hakuwa salama. Kanga alikuwa na mayai. Aliyataga kwenye nyasi ndefu, nyuma ya shamba, mbali na uwanja, akayafunika kwa majani. Alfajiri anayaatamia, jua likitoka anakimbilia kazini, chakula cha mchana anakiacha anakwenda kuyageuza. Nyani hayupo, lakini amri ya Nyani haikufutwa kwa mdomo wa mtu yeyote, maana Pofu hakujua kama ilikuwepo. Na Kanga hakumwambia. Mdomo ulikuwa wazi, lakini koo bado lilikuwa limefungwa. Hayo ndiyo madhara ya kikapu, jamani. Ukikivua leo, kesho bado unaongea kama umekivaa.

Mvua za mwisho wa msimu zikakaribia. Pofu akapanga zamu ya kutazama mawingu. Anayetazama anakaa juu ya tita kubwa la majani ya mpunga, na wingu likija anapiga kelele, wote wanakimbia na majamvi kufunika lundo.

"Dada Kanga, mchana wako wewe," Pofu akasema. "Macho yako makali, na sauti yako ikitoka, hata Mzee Tembo atafunika mpunga huko kilimani."

Watu wakacheka. Kanga karibu acheke.

Mchana huo upepo ukageuka. Ukawa baridi. Kanga juu ya majani akawaza mayai, si wingu. Upepo huu utayagandisha, akawaza. Akatazama kilimani, akaona wingu, dogo, mbali. Lile bado, akajiambia. Nakwenda, narudi. Angeweza kumwambia Pofu. Angeweza kumwambia Punda, kaka, nishikie nafasi. Hakumwambia mtu. Akateremka upande wa nyuma, kimya, mbio, cha-cha-cha-cha kwenye nyasi.

Wingu halikungoja.

Tone. Tone. Kisha chwaaa.

Punda akapiga kelele, majamvi yakaja, wakavuta, wakafunika, wameshachelewa. Upande mzima wa lundo ulilowa mpaka chini. Mpunga uliolowa huota au huoza, hauna njia ya tatu. Kanga alifika anatiririka maji, akaona, akajua. Sheria ya bonde haikuwa ya Nyani, ilikuwa ya Tembo mwenyewe, ya tangu zamani. Anayepoteza mpunga anaondoka bondeni kabla jua la kesho halijatua. Kanga ana miguu, angeondoka. Mayai hayana miguu.

Na kule kilimani, mshauri ana macho. Nyani alikuwa ameshaona.

Asubuhi wafanyakazi walipofika uwanjani, walimkuta Kanga juu ya kichuguu. Hakuna aliyempandisha. Alipanda mwenyewe, na mdomo wake alikuwa ameuzungushia uzi wa ukindu mwenyewe, raundi na raundi. Alisimama amefumba macho, anangoja.

Mmoja akaanza, nadhani ni Ng'ombe, kwa mazoea tu. Huuu. Mwingine akafuata. Huuu.

Ka, ka, ka. Pofu akafika.

"Nani kamweka pale?"

"Kajiweka, Mama," Punda akajibu.

"Na hiyo huuu ni ya nini? Inakausha mpunga?"

Huuu ikakatika.

"Tandazeni uliolowa, mwembamba, juani. Wote. Nendeni."

Wakaenda. Uwanja upande ule ukabaki mtupu. Hapo Pofu akafanya jambo ambalo hakuna msimamizi aliyewahi kulifanya bondeni. Akaweka kwato ya mbele juu ya kichuguu. Akaweka ya pili. Akajivuta, mwili wote ule, ili asimame pale Kanga aliposimama na kusema naye bila kupaza sauti.

Kichuguu kikalia. Kikapasuka. Puu! Kikashuka chote, Pofu kakaa chini kama gunia, Kanga kamwangukia mgongoni, vumbi jekundu juu, mchwa wanakimbia huku na huku.

Kanga akafumbua macho. Pofu alikuwa na udongo puani.

"Nilikuwa nakuja kukuteremsha," Pofu akasema. "Naona tumeteremka." Akaukata uzi wa ukindu kwa meno, polepole asimwumize. "Haya, dada. Tuko wawili. Ulikuwa wapi jana?"

Kanga akafungua mdomo aseme salama. Salama haikutoka. Yakatoka maneno ya mayai. Yakatoka ya nyasi, na upepo, na amri ya anayeatamia, na siku ya kichuguu, na sauti ya Punda. Yalitoka kwa fujo, hayana mpangilio, na Pofu hakumkatiza.

Alipomaliza, Pofu akasema, "Umekosa. Ulipewa macho ya wenzako wote, ukaondoka nayo. Nisikudanganye."

"Ndiyo."

"Ungesema, ningemweka Punda, nawe ungekaa na mayai yako."

"Ningejuaje?"

Pofu akakung'uta udongo masikioni. "Hapo umenipata. Ungejuaje? Nimekaa na wewe tangu mavuno yaanze. Namjua Punda kidonda chake, wewe sikujua hata kama una mayai. Nilimwomba Mungu anionyeshe, mimi mwenyewe sikukufuata kukuuliza. Nisamehe, Kanga."

Kanga hakuwahi kusikia neno hilo kutoka juu likija chini. Hakujua aliweke wapi. Akafanya anachojua, akalipiga teke. "Unasema hivyo kwa kuwa hakuna anayesikia."

"Kosa lako nalisema hapa, pasipo watu," Pofu akasema. "La kwangu nitalisema mbele yao."

Kabla Kanga hajajibu, ardhi ikatetemeka. Ndu. Ndu. Ndu. Mzee Tembo anashuka, na nyuma yake Nyani, anarukaruka, amechana nywele.

Tembo akautazama mpunga uliotandazwa. Akakitazama na kichuguu kilichobomoka. "Mpunga wangu umelowa," akasema. "Nani?"

"Kanga, Mzee," Nyani akawahi. "Zamu ilikuwa yake. Na Kanga huyo, nilikwisha kuwaambia zamani, ana maswali."

"Sikukuuliza wewe. Msimamizi ni huyu. Pofu, nani?"

Wafanyakazi wote wakasimama. Pofu akasogea mbele ya watu, na udongo bado umemganda puani.

"Zamu niliipanga mimi, Mzee. Nilimpa kazi mtu nisiyemjulia hali. Mpunga umelowa mikononi mwangu."

"Nataka jina."

"Jina ni Pofu."

Tembo akatikisa masikio. "Sheria unaijua?"

"Naijua."

"Kabla jua halijatua."

"Nakusikia, Mzee." Akawageukia wenzake. "Kaka Punda, kidonda kifutwe kila asubuhi. Mpunga mwembamba, geuzeni kila mara. Mungu awe nanyi." Akaanza kwenda. Ka, ka, ka. Wala hakugeuka kuona kama anaangaliwa.

Kanga alisimama kwenye udongo wa kichuguu. Anapona. Hakuna anayemtazama. Akinyamaza tu, jua litatua na mayai yatakuwa yake. Aliye juu yake amemlipia, na hakumdai hata shukrani. Nyamaza, Kanga. Nyamaza kidogo tu.

"Mzee Tembo," Kanga akasema.

Sauti ile ilifika ng'ambo ya mto. Pofu akasimama.

"Ni mimi niliyeondoka zamu. Sikutumwa, sikuruhusiwa. Niliteremka kwa nyuma. Nina mayai kule majanini, nilikwenda kwa mayai yangu. Najua nikiondoka yatakufa. Lakini mama huyu haondoki kwa kosa langu."

Punda akajikohoza. "Na mimi nilimwona akiondoka, Mzee. Nikasema moyoni, hayo yake. Ningeweza kupanda juu ya majani badala yake. Sikupanda." Akamtazama Kanga kidogo tu, akatazama chini. "Tena nadaiwa nini na Kanga, yeye anajua."

"Majamvi tulikuwa tumeyaweka mbali," Nyati akasema. "Yangekuwa karibu tungewahi. Hilo ni letu sote."

Tembo akawatazama hawa, akamtazama Nyani, akawatazama hawa tena.

"Nyani, enzi zako ulikuwa unachukua muda gani kumpata mkosaji?"

Nyani akajinyoosha. "Papo hapo, Mzee. Sikuwahi kushindwa hata mara moja."

"Ulikuwa unanipa mtu," Tembo akasema taratibu. "Sikuwahi kujua kama ndiye." Akageuka. "Pofu, umewafanya nini hawa?"

"Nimewafungua midomo tu, Mzee. Mengine wamefanya wenyewe."

"Na mpunga wangu?"

"Kanga ataanika uliolowa, ataugeuza mpaka ukauke. Mayai yake tutayahamishia hapa, chini ya majani, aatamie huku anatazama mawingu. Kitakachooza kitoke kwenye fungu langu. Nami nina Bwana juu yangu, kama wewe ulivyo naye juu yako. Atatuuliza habari ya hawa kabla hajauliza habari ya mpunga."

Hakuna aliyewahi kusema hivyo mbele ya Tembo. Watu wakasubiri mkonga uinuke. Mkonga ukainuka, ukajikuna nyuma ya sikio.

"Na mvua ikilowesha tena?"

"Nitafute mimi kwanza."

"Nitakutafuta," Tembo akasema. "Sheria ile niachie, nitaifikiria." Akaanza kupanda kilima. Nyani akamfuata mbio. Tembo, bila kugeuka, akasema, "Wewe baki. Washauri ninao wa kutosha. Huku kuna kazi."

Nyani akabaki katikati ya uwanja. Mikono haina pa kukaa. Wote wakamtazama. Wengine wakaanza kuvuta pumzi, mnajua ile pumzi inayotangulia huuu. Ng'ombe alikwisha kutazama vikapu vya makapi, akatafuta chenye kamba nzima.

Pofu akamwendea Nyani. "Bwana Nyani, karibu. Nafasi yako ni ya ndani, karibu na nguzo. Miguu yako haijazoea, nje huwezi. Ukishikwa na njaa, inama ule."

Nyani akaenda kwenye nguzo.

Na Kanga? Kanga alikuwa na huuu yake kooni, kubwa, ya zamani, ameitunza vizuri. Hakuna mtu uwanjani aliyeistahili huuu ile kuliko Nyani. Kanga akamtazama akiinama kwa wasiwasi, akiokota punje moja, akigeuka kuona nani atampiga. Kisha akamtazama Pofu, ambaye alikuwa anarudi kwenye nafasi ya nje, anachechemea, udongo puani.

Kanga akaimeza huuu yake. Iliuma ikishuka. Akakunjua mbawa, akaenda kugeuza mpunga.

Kanyaga, zunguka. Kanyaga, zunguka.

Hadithi yangu nimeitua hapo, aliyeipenda aichukue, aliyeichoka apumzike. Na funzo lake nalisema waziwazi, nisije nikaambiwa nimeficha. Anayeongoza watu kazini ni mtumishi wao. Kazi nzito aishike yeye, na anayefanya kazi ale kwa kazi yake. Kosa la aliye chini yako liseme mkiwa wawili, kosa lako liseme mbele ya watu. Bwana wetu Yesu alipiga magoti akaosha miguu ya wanafunzi wake, na aliyekuwa tayari kumsaliti alikuwa mle chumbani, miguu yake nayo ikaoshwa. Sasa wewe ofisa, wewe mwalimu mkuu, wewe mama mwenye binti wa kazi nyumbani, usiniambie cheo chako ni kikubwa kuliko hicho.

Nina ombi moja. Yupo mtu uliyemsema mbele ya wenzake, na umemkumbuka sasa hivi. Kesho, kabla ya kazi, nenda alipo, peke yako, umwombe msamaha.